Kasoro Tunayoijua Sisi Tu

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikitaja kipando kizuri miongoni mwa mambo yanayomletea mja furaha hapa duniani, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Kipando kibaya akakitaja miongoni mwa mambo ya taabu. Kwa hiyo familia inapokaa jioni kuzungumzia gari haizungumzi upuuzi. Inazungumzia neema ambayo ikija vibaya hugeuka kuwa mtihani.

Miaka michache iliyopita, kila baada ya swala ya Ijumaa, uwanja wa msikiti wetu hapa Karagwe ulijaa baiskeli na pikipiki. Magari yalikuwa mawili: la mfanyabiashara wa maharage na la mtumishi mmoja wa halmashauri. Tangu bei ya kahawa ilipopanda mambo yamebadilika. Ijumaa iliyopita tulihesabu magari saba, na matano kati yake yalikuwa ya umbo moja: gari fupi, lililoinuka kutoka ardhini, lenye kifua kama cha Land Cruiser lakini injini ndogo. Vijana wetu huyaita "gari za juu". Yapo Kayanga, yapo Omurushaka, na ukivuka kuingia Kyerwa utayakuta Nkwenda, Isingiro na Kaisho.

Kwa kuwa sisi ndio tunaoshika daftari la kamati, watu hutudhania kuwa tunajua kila kinachoweza kuandikwa. Wametuuliza mara nyingi: "Katibu, familia yetu imepata kidogo msimu huu. Tununue gari la juu?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tukaamua kuwauliza wenye nayo, kisha tukajiuliza wenyewe, maana na sisi wa kamati tulikuwa na letu. Hayo ndiyo tunayowaletea leo.

Kwanza tuelewane juu ya neno "jipya". Kwetu sisi gari jipya ni lile lililoingia nchini karibuni, lenye namba za E, hata kama lilikwishatembea barabara za Japani miaka tisa. Aina yenyewe si ngeni. Suzuki walitoa Escudo mwaka 1988, na Toyota wakatoa RAV4 mwaka 1994, wazo likiwa ni kuchukua wepesi wa gari dogo la mjini na kulipa kimo cha gari la porini. Mwaka 2019 ikaja Raize, ambayo ilianza na injini isiyofika CC 1000 inayosaidiwa na turbo.

Ukubwa wa injini unagusa mfuko tangu bandarini. Ushuru wa bidhaa hufuata injini: isiyozidi CC 1000 haitozwi, ya kati ya 1000 na 2000 hutozwa asilimia 5, na inayozidi hapo asilimia 10. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa huongezewa ushuru wa uchakavu, na lililopita miaka 10 huongezewa zaidi. Ndiyo maana anayesema "nimeliona mtandaoni kwa bei ndogo" huwa hajaona hata nusu ya safari ya fedha yake.

Sasa tuwasikilize wenye magari.

Wa kwanza ni ndugu yetu mkulima wa pande za Kaisho. Aliuza kahawa yake ya maganda vizuri, akaenda mjini na mwanawe, wakarudi na gari la juu linalong'aa. Dalali aliwaambia kuwa hilo ni gari la milima. Zilipofika mvua za Machi, mkulima yule alikuwa anarudi nyumbani na mkewe na magunia mawili. Kwenye mwinuko wa udongo mwekundu, magurudumu ya mbele yakazunguka bure na ya nyuma yakatulia kama mawe. Waliacha gari pale, wakatembea usiku kucha. Fundi alipokuja kulala chini ya gari hilo, alikuta hakuna shafti inayokwenda nyuma wala difu ya nyuma. Lilikuwa gari la kuvuta kwa magurudumu mawili tu, lililovishwa kimo. Magari ya namna hiyo hayana ubaya wowote kwa anayekaa kwenye lami. Ubaya ni kwamba dalali alijua mnunuzi wake anakaa wapi, naye akanyamaza.

Wa pili ni mwalimu wa sekondari. Gari lake lilikuwa na gia boksi ya CVT, ile ambayo badala ya meno ya gia ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka. Gia boksi ya namna hiyo ina oili yake maalumu. Mwalimu alimpelekea fundi gari kwa matengenezo ya kawaida, na fundi, kwa kukosa oili inayostahili, akamimina oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Hakusema. Haukupita mwezi gari likaanza kunguruma na kusitasita, na mkanda ukawa umekwisha kuchunika. Mwalimu alitumia akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya binti yake. Alituambia, "Ustadhi, lau angeniambia hana oili hiyo, ningesubiri wiki nzima gari likiwa limeegeshwa. Nisingemkasirikia."

Wa tatu ni mama mmoja mjane, mfanyabiashara wa Nkwenda, ambaye tulimkuta hana lawama. Ana daftari la gari kama tulivyo na daftari la kamati. Kila akijaza mafuta huandika lita, bei na namba ya kilomita. Anajua kwamba tangu mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta, hivyo gari lililoegeshwa halidaiwi, ila kila lita inalipa. Anajua pia kwamba EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwamba bei ya Kyerwa huizidi ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yamesafiri mbali kutufikia. Kwa kila kilomita moja huweka shilingi mia moja kwenye kopo, na kopo hilo halifunguliwi kwa sababu nyingine isipokuwa matairi, oili, bushi na shokapu. "Mwanangu," alituambia, "gari ni mtoto asiyekua. Kila siku linataka kula, na halitakuja kukulisha uzeeni." Hata hivyo gari hilo hilo ndilo lililomfikisha jirani yake mjamzito hospitalini usiku wa mvua, na mama huyo hakudai hata ya mafuta. Siri ya raha yake alitueleza mwenyewe. Aliyemuuzia alimwambia yote: kwamba shokapu za nyuma zimechoka, kwamba taa ya injini huwaka asubuhi za baridi na kwa nini. Alilinunua akijua, akapunguziwa, akatengeneza.

Kuna nyumba ya nne ambayo hatutaielezea kwa urefu, kwa heshima yao. Walichukua gari kwa kulipa nusu, na ili kumaliza nusu iliyobaki wakauza butura, yaani waliuza kahawa yao ya msimu unaofuata ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Viongozi wa mkoa wetu wamekuwa wakiipiga vita butura mwaka hadi mwaka kwa sababu inawafukarisha wakulima. Sisi Waislamu tuna sababu nyingine juu ya hiyo: Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kukomaa kwake kudhihirika, kwa sababu hakuna ajuaye kama Allah atayajaalia kukomaa. Msimu ulipofika, familia ile iliwatazama watu wengine wakivuna shamba lao, na gari likiwa uani halina mafuta. Baba alijua anauza nini. Mkewe na wanawe hawakuambiwa mpaka magunia yalipokuja kuchukuliwa.

Msomaji makini ameshaona uzi unaopita katika habari hizi. Mashine zina maradhi yake, na maradhi ya mashine yana fundi. Lakini palipoumiza zaidi ni pale mtu mmoja alipojua jambo ambalo mwenzake hakulijua, akaona faida katika kunyamaza. Nasi hatuna haki ya kuwasema dalali na fundi mpaka tuseme yetu.

Kamati yetu ilikuwa na gari la juu, lililonunuliwa kwa michango ya waumini. Halikuwa wakfu, liliandikwa tangu mwanzo kuwa ni chombo cha kazi kinachoweza kuuzwa na kubadilishwa. Lilitufikisha kwenye madrasa za vijijini, lilibeba wagonjwa, lilibeba misahafu na mchele wa Ramadhani. Siku ya maziko ya kwanza tuliyoliitia, tuligundua kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria wakati wa kununua: jeneza halikuenea. Tulilifunga kwa kamba mlango wa nyuma ukiwa wazi, na kijana mmoja akalishikilia njia nzima. Baada ya siku hiyo tukaazimia kuliuza tununue gari refu zaidi.

Lakini gari lilikuwa na kasoro. Asubuhi, likiwa baridi, liliendeshwa vizuri kama jipya. Likishapata moto kwenye mwinuko mrefu, gia zilikawia kuingia, injini ikapiga kelele na gari lisiende. Kasoro hiyo tuliijua watu watatu: dereva, fundi na sisi katibu. Fundi alisema kuna oili nzito ikitiwa itaificha kwa wiki mbili tatu. Hatukukubali oili hiyo. Lakini tulipoandika tangazo la kuuza, tukalisambaza kwenye makundi ya simu ya waumini wa Karagwe na Kyerwa, tuliandika kwa mkono wetu wenyewe maneno haya: "Lipo katika hali nzuri, halina tatizo." Tulijiambia kwamba mnunuzi atakuja na fundi wake, na kwamba gari linauzwa kama lilivyo. Tuliyasoma haya mambo chuoni miaka minne, tukafanyiwa mitihani juu yake, kisha tukaandika sentensi ile bila mkono kutetemeka.

Mnunuzi akapatikana upesi, ndugu mmoja wa Kyerwa. Alikubali shilingi milioni 13 na laki 5, akasema atakuja Jumamosi asubuhi. Asubuhi, yaani wakati ambao gari halingemwambia lolote.

Alhamisi usiku hatukulala vizuri. Ijumaa baada ya swala tukalifikisha jambo kwenye kikao. Mmoja wetu akasema kwa nia njema kabisa: "Hizi fedha si zetu. Ni za nyumba ya Allah. Tukipungukiwa, watakaokosa ni watoto wa madrasa wanaosubiri tangi la maji." Mwingine akasema neno la kama lilivyo. Tukalazimika kusimama na kusema kile tulichosoma. Wanachuoni wa madhhabu yetu ya Shafi wamelijadili sharti la muuzaji kujivua dhamana ya kasoro, na sharti hilo halimsafishi anayeijua kasoro akaificha. Mnunuzi akija kuigundua, sharia inampa khiyari ya kurudisha. Na Allah ni mwema, hapokei ila kilicho chema. Sadaka haiisafishi hila. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha likatoka lile onyo linalojulikana, kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Sisi tuliweka kavu juu.

Mwenyekiti wetu, mzee aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali moja: "Na Ijumaa ambayo huyo ndugu atakuja kuswali hapa, nani kati yenu atasimama kando yake kwenye safu?" Hakuna aliyejibu.

Tukampigia simu mbele ya kikao. Tukamwambia kasoro ilivyo, tangu lini, na kwamba maneno ya tangazo tuliyaandika tukijua. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema atakuja mchana badala ya asubuhi. Alikuja, akaliendesha mpaka likapata moto, akalipandisha mwinuko mrefu nje ya mji, akaisikia kasoro kwa masikio yake. Tukakubaliana milioni 10 na laki 8. Tofauti yake ni milioni 2 na laki 7, na hilo ni tangi la maji na mabomba yake. Mpaka tunapoandika safu hii watoto wa madrasa bado wanachota maji kwa madumu, na gari refu bado hatujalipata. Hatutaki msomaji adhani kwamba ukweli ulitulipa siku ya pili yake. Lililopatikana ni kwamba ndugu yule tunamwona Ijumaa, na tunampa mkono.

Wala ugonjwa huu si wa vijijini kwetu tu. Mwezi Desemba 2023 kampuni ya Daihatsu ya Japani, inayomilikiwa na Toyota, ilisimamisha kusafirisha magari yake yote baada ya tume huru kukuta udanganyifu katika majaribio ya usalama ya aina 64 za magari, yakiwemo baadhi yanayouzwa kwa jina la Toyota. Miezi michache kabla, mwezi Mei, jambo kama hilo lilikwishakutwa katika vigari vya juu vya hybridi, Raize na Rocky. Katika baadhi ya majaribio, mifuko ya hewa ya kumkinga abiria ilifyatuliwa kwa saa maalumu badala ya kufyatuka yenyewe kwa kuhisi mgongano. Serikali ya Japani iliyapima magari hayo upya, na mwaka 2024 ikayaruhusu kidogo kidogo. Wahandisi wale si watu wajinga, wala hawakuwa wezi wa barabarani. Walikuwa na tarehe ya kutimiza, na kila mmoja aliona kwamba anayofanya ni madogo. Ndivyo tulivyoona na sisi tulipoandika maneno mawili, "halina tatizo".

Basi kwa familia iliyotuuliza kama inunue, tunajibu hivi. Ikiwa fedha ipo mkononi, si ya riba wala ya kahawa iliyo maua, na ikiwa mume, mke na watoto wakubwa wote wanajua inatoka wapi, gari ni neema. Kabla ya kulipa, jueni mnakaa kwenye udongo gani, na mumlaze fundi chini ya gari akatazame kama nguvu inakwenda nyuma. Liendesheni likiwa na moto, juu ya mlima, si asubuhi kwenye lami. Ulizeni oili ya gia boksi ni ya aina gani, na muiandike. Pimeni kama litaenea watu na mizigo ya shughuli zenu, ya furaha na ya msiba. Anzisheni daftari na kopo siku ile ile. Na muulizeni muuzaji, kwa jina la Allah, swali ambalo sisi hatukuulizwa: "Ni kasoro gani unayoijua wewe ambayo mimi siijui?"

Na wewe utakayeuza, kumbuka kwamba wauzianaji wawili wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha baraka hufutwa. Tangazo letu la zamani bado lipo kwenye simu zetu. Hatujalifuta, ili tulisome kabla ya kuandika lingine.

Tunapopanda vipando vyetu tunamtakasa Aliyevitiisha kwetu, kwa kuwa wenyewe tusingeviweza, na tunakiri kwamba kwake tutarejea. Tumuombe atufikishe salama, na atujaalie tuwe wasemao kweli katika kununua na kuuza.

Wabillahi tawfiq. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.